Mzazi amefariki nawe uko utumeni nje ya nchi: mwongozo kwa anayetaka kumaliza utume wake

Nipo kwenye kamati ya umisheni ya kanisa letu hapa Dodoma, na maswali ya vijana walioko nje wanapofiwa na mzazi ni yaleyale. Nirudi au nibaki? Nikiomba wanisubiri kuzika, nitakuwa nimewatesa? Mbona sijalia mpaka leo? Mbona baba mkubwa hanijibu? Nimechoka kujibu mmoja mmoja saa nane za usiku, kwa hiyo majibu nayaweka hapa kwa mpangilio.

Najua taratibu zinatofautiana. Vijana wa Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho hutumika miezi 24 kwa wanaume na 18 kwa wanawake. Mtawa wa Kikatoliki anaweza kupangiwa Brazili akakaa miaka. Mwinjilisti wa Kianglikana au wa Kilutheri huenda kwa mkataba alioandikiwa. Soma kanuni za kwenu, kisha rudi hapa, maana msiba hauulizi dhehebu.

Msimamo wangu ni huu: ukiamua kubaki, omboleza hukohuko uliko. Wengi ninaowaona wakishindwa njiani ni wale waliojiambia, "nitalia nikifika nyumbani."

MAHITAJI

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza kuamua lolote:

- Pasi yako ya kusafiria mkononi, hata kama kwa kawaida inatunzwa na mwenyeji. Angalia viza inaisha lini na kama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.
- Barua au mkataba wa utume. Tafuta kifungu kinachozungumzia kufiwa.
- Mtu mmoja nyumbani atakayekuwa masikio yako. Asiwe mfiwa wa karibu sana. Mjomba, mke wa kaka, au mzee wa kanisa anafaa.
- Mtu mmoja huko uliko unayeweza kulia mbele yake bila kujieleza.
- Bando la kutosha, chaji, na daftari la karatasi. Daftari usilidharau, siku za kwanza kichwa hakishiki kitu.

HATUA KWA HATUA

1. Pata habari kamili kutoka kwa mtu mmoja

Habari za msiba siku hizi hufika vipande vipande. Binamu kaweka picha ya mshumaa kwenye stetasi, kundi la ukoo limejaa "pole sana", na wewe hujui aliyefariki ni nani. Usianze kupigia kila mtu. Mpigie yule mmoja, umwulize haya na uandike majibu: amefariki nani, lini na wapi, mwili uko wapi, mazishi ni lini na katika kijiji gani, mzazi aliyebaki yuko na nani sasa hivi, msemaji wa familia ni nani.

Wamisionari wa CMS, shirika la umisheni la Kianglikana, waliofika Mpwapwa miaka ya 1870 barua zao zililetwa na wapagazi kutoka pwani. Mtu angeweza kumwombea afya mama ambaye ameshazikwa miezi mingi. Wewe habari inakufikia kabla ya jirani wa nyumba ya tatu. Ni neema, lakini inakulazimisha kuamua ukiwa bado unatetemeka.

Kosa la kawaida: kumpigia mzazi aliyebaki na kuanza kumhoji. Mpigie mlie pamoja, basi. Ya taratibu waulize wengine.

2. Mwambie kiongozi wako wa huko siku hiyohiyo

Usidhani ataelewa kwa kukutazama. Uingereza au Marekani mazishi yanaweza kufanyika wiki moja au zaidi baada ya kifo. Watu wanahudhuria kwa saa chache na keshokutwa wapo kazini. Hawajui kwamba kwetu watu wanalala msibani, wanapika msibani, na anayeondoka kabla ya kuanua tanga anaulizwa. Ukinyamaza watakupa siku moja ya mapumziko na kadi yenye maua, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Sema unachohitaji kwa maneno. Ujumbe kama huu unatosha:

"Mchungaji, nimepata habari kwamba baba yangu amefariki leo asubuhi. Kwetu mtoto hukaa msibani siku kadhaa na hafanyi kazi nyingine. Naomba siku tatu nisipangiwe huduma. Naomba pia nafasi ya kufuatilia mazishi kwa simu, yatakuwa usiku kwa saa za hapa. Kuhusu kurudi nyumbani nitakujibu kesho jioni."

Umeona? Siku zimetajwa, mahitaji yametajwa, na uamuzi umewekewa muda.

3. Amua mara moja: kurudi au kubaki

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na hesabu ya njia. Kutoka São Paulo au Manila hadi Dar es Salaam, pamoja na kubadilisha ndege, inakwenda siku nzima na zaidi. Kabla ya hapo kuna kutafuta tiketi. Ukitua Dar bado hujafika: treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, inachukua kama saa nne, halafu kuna gari la kwenda kijijini. Kama ni kati ya Desemba na Aprili, ulizia makorongo. Mvua ya Dodoma ni chache, lakini siku ikinyesha korongo linajaa ghafla na hata gari la jeneza linalala upande wa pili.

Sasa linganisha na siku ya mazishi. Kwetu Wakristo wengi huzika siku ya pili au ya tatu. Kama mzazi wako ni Mwislamu, na upande wa Kondoa na Chemba nyumba zenye dini mbili si za kutafuta, usiombe kabisa kusubiriwa. Watazika siku hiyohiyo au kesho yake, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakikwambia "tunakusubiri", jibu kwa maswali. Mochwari analipia nani kwa siku? Watu wangapi wanakula pale asubuhi na jioni? Turubai na viti vimekodiwa mpaka lini? Nimeona familia ikiuza ng'ombe wawili kumsubiri mtoto ambaye ndege yake ilichelewa Addis Ababa, na wakazika bila yeye.

Kisha viza. Kama ni ya kuingia mara moja, ukitoka imekwisha, na kuomba nyingine inaweza kuchukua wiki au miezi. Maana yake ni kwamba kurudi kwa mazishi kunaweza kuwa ndiyo mwisho wa utume wako. Inawezekana hilo ndilo jambo sahihi kwako, lakini ulijue kabla ya kupanda ndege.

Ushauri chukua kwa watu watatu tu: mzazi aliyebaki, msemaji wa familia, na kiongozi wako. Kundi la ukoo lisipige kura.

Rudi nyumbani bila kuona haya kama:

- mzazi aliyebaki ni mgonjwa au ni mzee na hana mtu wa kukaa naye;
- kuna wadogo zako wasio na mlezi wa kueleweka;
- mazingira ya kifo yana utata na familia inagawanyika;
- wewe mwenyewe umeacha kula na kulala, au umeanza kufikiri kwamba ni bora ufe.

Kwa hilo la mwisho usingoje. Mwambie kiongozi leo na upelekwe kwa daktari leo.

Tahadhari kuhusu Maandiko. Atatokea mtu wa kukuchapa kwa Luka 9:60, "waache wafu wazike wafu wao." Na nyumbani atatokea wa kukuchapa kwa amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wote wawili waheshimu, wala usibishane nao. Yusufu aliomba ruhusa kwa Farao, akaenda kumzika Yakobo Kanaani, akarudi Misri kuendelea na kazi. Yesu hakushuka msalabani kwa ajili ya machozi ya Mariamu, lakini palepale alimkabidhi kwa mwanafunzi wake, na tangu saa ile akamchukua nyumbani kwake. Kwa anayebaki utumeni mimi humwonesha mfano huo wa pili, wa Yesu, kwa sababu una kazi ya kufanya ndani yake: mtaje mtu atakayesimama kwa mama au kwa baba kwa niaba yako, na mtu huyo akubali kwa kinywa chake.

Ukishaamua, liandike: "Nabaki. Nitaliangalia tena baada ya arobaini." Kati ya leo na arobaini usilifungue upya kila usiku. Ukilifungua kila usiku hutatumika, hutalala, na tiketi hutanunua.

4. Shiriki mazishi ukiwa mbali

Usitosheke na "watanirushia video." Panga.

a) Mshika simu awe mmoja, na asiwe wa familia ya ndani. Mfiwa akianza kulia utaona udongo na viatu vya watu mpaka mwisho. Kijana wa kwaya anafaa sana, amezoea kusimama mbele.

b) Upepo. Dodoma wakati wa kiangazi, Julai kwenda Oktoba, upepo unameza sauti yote. Utamwona mchungaji anafungua kinywa na utasikia vuuu tu. Mshika simu aupe upepo mgongo, asogee karibu na anayesema, na aweke kitambaa chepesi kwenye tundu la maikrofoni. Ajaribu siku moja kabla.

c) Mtandao. Kwenye vijiji vingi vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa una sehemu yake: chini ya mbuyu fulani upo, makaburini haupo. Kwa hiyo wasitegemee simu ya moja kwa moja peke yake. Simu ya pili irekodi yote, itumwe jioni watu wakirudi penye mtandao.

d) Chaji. Pawabenki iliyojaa, na simu nyingine pembeni.

e) Salamu zako. Andika ukurasa mmoja, tuma jana yake, na uchague msomaji mwenye koo imara. Usihubiri. Taja jambo moja ambalo watu wa pale wanalijua: baba alivyokuwa akiita ng'ombe majina jioni wakiingia zizini, au mama alivyogawa zabibu zisizouzika kwa watoto wa njiani. Shukuru waliomuuguza kwa majina. Mwisho mtaje anayekuwakilisha. Kama bibi yako husikia Kigogo zaidi, mistari ya kwake iandike Kigogo.

f) Udongo. Omba mtu mmoja, mpwa wako au mdogo wako, atupe udongo kwa niaba yako na alitaje jina lako kwa sauti. Vijana wengi hunieleza kwamba hapo ndipo walipoamini kwamba mzazi ameondoka.

Huko uliko, usiangalie mazishi ukiwa peke yako chumbani. Piga hesabu ya saa mapema. Mazishi ya saa 8 mchana Dodoma, Manila ni saa 1 jioni, São Paulo ni saa 2 asubuhi. Vaa kama mtu aliyekwenda mazishini. Zima simu nyingine zote. Baada ya hapo kula, hata kama ni mkate na chai.

Rambirambi: tuma unachoweza bila kukopa. Posho ya utume si yako peke yako, na kuna makanisa yanayokataza kuituma. Kama huna, sema huna. Hakuna mzee atakayekuhesabia.

5. Kaa msiba huko uliko

Siku mbili tatu zinatosha. Kaa sehemu ambayo watu wanaweza kuingia. Waite Watanzania wa karibu kama wapo; wakikosekana, waite Wakenya na Wakongo. Mtu wa Afrika Mashariki ataingia, atakaa kimya, na hatakuuliza "unajisikiaje?" kila dakika tano. Imbeni tenzi mnazozijua. Pikeni. Ukipata unga wa mtama au wa uwele kwenye duka la Wahindi, songa ugali. Na bamia iliyokatwakatwa inakaribia mlenda kiasi cha kukufanya ulie vizuri.

Wenyeji nao wakaribishe. Waambie hawahitaji kusema chochote.

6. Rudi kazini taratibu

Anza na kazi za mikono: kufagia kanisa, kupanga viti, kupika, kufundisha lugha. Kwa wiki za mwanzo omba usipangiwe kutembelea wagonjwa mahututi wala kuongoza mazishi.

Tahadhari: wataomba ushuhuda. Makanisa ya nje hupenda sana habari ya kijana kutoka Afrika aliyefiwa akabaki madhabahuni. Kataa kwa adabu mpaka baada ya arobaini angalau. Kifo cha baba yako bado hakijawa mfano wa mahubiri, na ukikisimulia kila Jumapili utafika mahali unakisimulia bila kusikia kitu.

Mwenzako wa utume mwambie namna ya kukusaidia. Wengine huogopa hata kumtaja marehemu. Mwambie, "nitaje mama, hutaniumiza."

7. Weka siku ya kuomboleza kila wiki

Hii ndiyo hatua inayowafikisha watu mwisho, na ndiyo inayorukwa.

Chagua siku na saa moja. Kama una siku ya mapumziko, iwe hiyo. Saa hiyo piga simu nyumbani, tazama picha, andika barua kwa marehemu, au kaa tu. Mengine yakija katikati ya wiki yape dakika zake, kisha uyapeleke kwenye saa yake.

Simu ya nyumbani nayo iwe ya siku maalumu. Tangu mwaka 2019 hata wamisionari wa Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao zamani walipiga mara chache sana kwa mwaka, wanaruhusiwa kuwasiliana na familia kila wiki. Tumia ruhusa hiyo. Lakini kupiga kila siku, hasa mwezi wa kwanza, kunakuweka nusu huku nusu kule. Mama akilia usiku wewe huwezi kumshika mkono, na asubuhi huwezi kusimama mbele ya watu.

Hifadhi sauti. Ujumbe wa sauti wa mzazi ulioko WhatsApp uhamishie sehemu mbili, kwa mfano barua pepe na kompyuta ya kanisa. Simu huibiwa, huvunjika, huanguka kwenye ndoo. Na ile namba yake ya simu jiandae: laini isiyotumika hufungwa, na siku moja namba ileile itapokelewa na mtu usiyemjua. Afadhali uizoee kabla ya siku hiyo.

Kuna siku zitakazokuvamia: Krismasi, arobaini, tarehe ya kifo mwaka ukigeuka. Ziandike kwenye kalenda, mpe kiongozi wako nakala.

8. Mambo ya mali na karatasi

Nitakwenda haraka, ila usiruke.

Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Kilichotokea nyumbani huanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Bila cheti cha kifo hakuna mirathi, hakuna kiinua mgongo, hakuna fedha za benki. Omba picha ya cheti.

Kikao cha ukoo kikikaa kupendekeza msimamizi wa mirathi, hakikisha jina lako limo kwenye muhtasari kama mtoto wa marehemu. Msimamizi huteuliwa na mahakama, kwa hiyo mtu asikwambie "kikao kimeshamaliza." Tuma barua ya kumtaja atakayekusemea, ithibitishwe na ubalozi wetu wa huko. Usikubali jambo lolote la shamba au nyumba kwa simu usiku, na wala usidai kila kitu kisimame mpaka urudi. Mizabibu ikiachwa bila kupogolewa haizai vizuri, na ng'ombe wanahitaji mchungaji leo.

Fedha zilizomo kwenye simu ya marehemu zisitolewe na anayejua namba ya siri. Zina utaratibu wake kwa kampuni ya simu, kupitia msimamizi. Ugomvi mwingi wa misiba huanzia hapo, tena kwa kiasi kidogo cha aibu.

9. Andaa kurudi

Miezi miwili kabla ya kumaliza, zungumza na nyumbani. Kwao msiba umepoa. Wamesharudi shambani, wamezoea kiti kitupu. Wewe utaingia uani na kukikuta kwa mara ya kwanza. Ukifika, shangazi zako wataanza kulia upya, kwa sauti, kama siku ile. Ni lako hilo, ulikuwa umewekewa. Keti chini ulie nao.

Kanisa nalo litataka kukupokea kwa matarumbeta. Waambie mapema: kaburi kwanza, sherehe baadaye, na zisiwe siku moja. Kaburini nenda na yule aliyetupa udongo kwa niaba yako. Kabla ya hapo usilale kwenye nyumba ya mzazi peke yako.

UKIKWAMA

Sijalia hata mara moja. Inatokea sana kwa aliye mbali. Macho hayajaona, mwili unakataa kuamini. Angalia tena rekodi ya mazishi ukiwa na mtu. Isipokuja, iache, wengine huwajia baada ya miezi, sokoni, kwa harufu tu.

Nalia kila mahali, hata kwenye mlango wa watu. Punguza kazi za nje kwa wiki mbili na angalia usingizi. Ukipita mwezi bila kupungua, omba mshauri nasaha. Kumwona mshauri si upungufu wa imani. Yohana 11:35, "Yesu akalia machozi", ni mstari mfupi kuliko hotuba zote utakazopewa.

Siwezi kuomba. Omba Zaburi za wengine kwa kuzisoma kwa sauti, au waambie wenzako waombe nawe ukae tu.

Ndugu wanasema nimemtupa mama. Jibu mara moja, kwa heshima, kwa mkubwa wao: "Shikamoo baba mkubwa. Nimesikia maneno, na najua yametoka kwenye uchungu. Kubaki kwangu nilikubaliana na mama mwenyewe. Fulani ananiwakilisha kwa kila jambo. Nikirudi nitakuja kwako kwanza." Baada ya hapo usijibu kundi. Na ukirudi, kweli nenda kwake kwanza.

Wenyeji wananiambia nifurahi, yuko mbinguni. Wanamaanisha mema. Sema "asante, lakini leo nalia."

Mzazi wangu hakuwa mwamini, au tuligombana kabla hajafa. Hili lipeleke kwa mchungaji au padri mmoja, ana kwa ana, si kwa ujumbe. Usimruhusu mtu yeyote kukupa hukumu ya mzazi wako, nzuri wala mbaya, kwenye kundi. Yale uliyotaka kumwambia yaandike kwenye barua za siku yako ya wiki.

Nimepanga kubaki, sasa nataka kurudi. Subiri siku ya arobaini uliyojiandikia. Ikifika na bado unataka, rudi, kwa kibali na kwa heshima, na uombe barua ya kukuaga. Utume uliokatizwa kwa utaratibu unaweza kuendelezwa siku nyingine. Waliotoroka uwanja wa ndege ndio wanaopata shida kuombewa viza tena.

Mzazi wa pili ameanza kuugua. Usirudie hesabu ya mwanzo. Piga simu kwa yule uliyemkabidhi, umuulize mambo matatu: anakula, anatembea, daktari amesema nini. Kama majibu mawili ni mabaya, ongea na kiongozi wako kuhusu kwenda kumwona akiwa hai, na swali la viza uliulize wiki hiyohiyo.